Kwale wa Kalinzi

Kaka wa mke wangu ana ugonjwa wa kuwinda kwale. Kuku wamejaa uani kwake Kalinzi, nyama buchani ipo, lakini akisikia kwale analia nyuma ya mibuni anaiacha chai mezani. Mimi ni mtoto wa mjini, wa Kasingirima, na ndege kwangu ni kitoweo. Kila tukipanda kuwasalimia alikuwa ananialika tukawinde, nami sikosi kisingizio: viatu, kifua, umande. Siku moja nikamsikia akimtania dada yake kwamba amejipatia mume legelege. Iliniuma, tena sana. Safari iliyofuata nikajitia ushujaa, nikasema twende.

Alitega wavu kichakani, tukalala kifudifudi kwenye majani ya baridi. Mwenzangu baridi hata hakuisikia. Alikuwa anatabasamu peke yake, ananionyesha kwa kidole vialama vya miguu kwenye udongo, macho yanamng'aa. Mimi nilikuwa nawaza chapati. Nilijilazimisha kuona anachokiona yeye, nikaona udongo. Nadhani kitu kile mtu huzaliwa nacho, na asiyezaliwa nacho hafundishiki.

Kwale akanasa. Shemeji alimtoa wavuni taratibu, akamlaza manyoya yaliyovurugika, kisha akanikabidhi ndege huyo pamoja na kisu.

"Chinja wewe, shemeji, nyumba nzima tule."

Sikushangaa. Huku kwetu Mkristo mwenye wageni humwita Mwislamu amchinjie, ndiyo ustaarabu wetu. Nikamwelekeza ndege kibla, nikasoma bismillahi, nikamaliza mara moja, kama ninavyochinja kuku wa Idi. Nilipoinua uso nikamkuta shemeji amenipa mgongo, mikono imeziba masikio. Miaka yote hiyo ya kuwinda, kumbe hajawahi kuchinja hata mmoja. Huwapeleka kwa jirani, yeye anakwenda zake kuoga.

"Hivi wewe, shemeji, huruma huna kabisa?" akaniuliza.

Nilimwambia ni kwale tu, na njaa inauma. Hakucheka. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma na ndege mkononi, nikiwa sielewi nimekosea wapi.

Legelege hajaniita tena, wala kuwinda hanialiki. Siku hizi nikifika Kalinzi namkuta kwale hai ananisubiri kwenye tenga mlangoni, na shemeji anawaingiza watoto wake ndani kabla sijashika kisu.