Mayai ya Safari ya Pemba

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Sindeni, na tangu tuhamie sikumbuki siku niliyoamka bila kuumwa mgongo. Nikamwahidi mke wangu Pemba. Mimi nilichuma karafuu huko ujanani. Yeye bahari hakuwahi kuiona. Tungepanda treni Korogwe hadi Tanga, tuvuke, tulale mpaka jua lituamshe, kisha tuzurure ufukweni bila jembe.

Nilitaka tuondoke kimyakimya alfajiri. Mke wangu akakataa.

"Tuondoke bila kuaga, kama wezi?"

Basi tukaaga nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikatupa mayai ya kuchemsha ya kula njiani. Kapu likajaa. Mwisho tukafika kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mzee. Tumekuja kuaga."

"Marahaba. Kesho kijiji kizima kinapalilia pamba, ninyi mnakwenda kuogelea?" Akacheka. "Kwani Pemba itahama? Waliohamishwa ni sisi. Palilieni kwanza."

Tukapalilia. Baadaye ukaja ujenzi wa ghala, kisha mavuno, na safari ikafia hapo. Ila mchana ule wa palizi naukumbuka. Mke wangu aliketi mwisho wa tuta, akamenya yai moja la safari, akanipa nusu.

"Hayo mawimbi," akauliza, "usiku yana kelele?"

"Yana kelele sana."

"Basi tusingelala," akasema, akainuka na jembe lake.