Petali za Dawa

Mtaani dada huyu tunamwita Fundi Maua, ingawa bustani hana wala hajui hata kumwagilia mchicha. Maua yake ni ya kupamba keki. Anayakata kwenye karatasi ya kuliwa, ile nyembamba ya wanga wa viazi isiyo na ladha yoyote, kisha anapitisha kila petali juu ya mvuke wa birika mpaka ikubali kujikunja. Mvuke ukizidi kidogo tu, petali inageuka uji. Wateja hulalamikia bei, halafu harusini wanapigana vikumbo kuipiga picha keki yenyewe.

Siku hizi keki zimemtoka akilini. Mama yake ni mgonjwa wa moyo na hawezi tena kumeza vidonge, kwa hiyo nesi alielekeza visagwe. Unga wake ni mchungu kupita kiasi. Bibi wa watu anautema kabla haujafika kooni. Miguu imemvimba. Nesi alishasema wazi kwamba asipomeza dawa wiki hii, tujiandae kwa lolote. Fundi Maua amebembeleza, amegomba, amejifungia jikoni akalia taulo likiwa mdomoni ili asisikike.

Jana ndipo alipoifikiria karatasi yake. Akaweka dawa katikati ya petali mbili, akagandisha kingo kwa ncha ya kidole kilicholowa, akampelekea mama pamoja na kikombe cha maji. Akamweleza kwamba uchungu hatausikia, karatasi ikilowa maji inateleza tu kooni, si kama kidonge.

"Karatasi?" mama akauliza. "Kwani mimi mbuzi?"

Nilikuwepo, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Kula wewe kwanza nione," mama akasema. "Hiyo hiyo."

Fundi Maua akaiweka ulimini. Angeimeza papo hapo na maji, mambo yangekwisha. Lakini kwa hamu ya kumshawishi mama akaanza kuisifu ikiwa bado mdomoni, eti ni laini, eti haina neno, na karatasi ikayeyuka. Uso ukamkunjamana, machozi yakamlengalenga, naye bado anang'ang'ania kutabasamu. Nilishindwa kumtazama.

Mama alimtazama. Mkono ambao siku hizi hauwezi hata kijiko ukainuka taratibu, kiganja kikakaa chini ya kidevu cha bintiye.

"Tema, mwanangu. Tema hapa, usijitese."

Fundi Maua akatema kiganjani mwa mama yake, akaangua kilio. Mama akamfuta mdomo kwa pindo la shuka, na dawa ya jana ikaishia hapo.