Opareta wa zamani ahamia seva yake mwenyewe

Saa nne asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitambaa, mwanamke wa miaka hamsini na tisa anaandika mstari mmoja kwenye kompyuta, anausoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho, kisha anabonyeza. Feni inalalamika kila inapogeukia kushoto. Chai yake imeshapoa.

"Nukta ikikosekana hapa mwisho, mwanangu, kazi yote imeharibika," ananiambia bila kugeuka. "Na mashine haikukemei. Inakunyamazia tu, kama mke aliyekasirika."

Watu humwita Mama Laini. Jina hilo alilipata enzi za simu za kuzungusha, alipokuwa opareta kwenye kituo cha simu cha mji. Leo anahifadhi tovuti za watu. Ana wateja kumi na tisa, wakiwemo zahanati, shule ya chekechea na seremala wa majeneza. Kipato, anasema, kinatosha kodi na ada ya mtoto wa mwisho, lakini hakitoshi kujisifia.

Kwa miaka mingi tovuti hizo zilikaa kwenye seva ya kampuni moja, zikibanana na za watu wengine kama wapangaji wa nyumba moja. Sasa kampuni inafunga huduma hiyo, na mwisho ni leo jioni. Mama Laini amekodi seva nzima, ya kwanza maishani kuwa yake peke yake.

Jana alihamisha kila kitu, na leo anamalizia sehemu ambayo zamani alifanyiwa na kampuni. Ni zile seva za majina, ambazo mtu akiuliza "tovuti ya fulani iko wapi?" hujibu kwa namba. Zisipojibu kabla ya jioni, hakuna pa kurudi. Wateja wote watapotea mtandaoni, na jina alilolijenga miaka yote litapotea nao.

Namuuliza kama haogopi.

"Naogopa, kwa nini nisiogope? Lakini kazi ya kuulizwa jina ukajibu namba naijua. Nimeifanya kwa mdomo kabla hujazaliwa wewe."

Hapo ndipo anaponirudisha mpaka kule kwenye kituo cha simu. Wanawake walikaa mstari mmoja mbele ya ubao wenye matundu, vipokea sauti vikiwa vichwani. Waliitana kwa namba za viti, na yeye alikuwa Namba Saba.

"Mtu hakukupa namba," anasimulia. "Alisema, 'Nipe mwenye duka la viatu.' Au, 'Nipe dada yangu, yule aliyeolewa na dereva.' Wewe ndiye ulijua. Tulijua nani kajifungua, nani hasemi na shemeji yake. Na tulinyamaza, eh! Umbea wote ule, na midomo imefungwa!"

Anacheka mpaka miwani inamshuka. Kisha machozi yanamlenga, na hafanyi jitihada ya kuyaficha. Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipofika, waliambiwa asubuhi na mchana wakawa nje.

"Taa za ubao zilikuwa bado zinawaka. Watu wanaita, na sisi tunaambiwa tuvue vipokea sauti tutoke. Mtu anaita, hajibiwi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, namwona. Mpaka leo linaniuma."

Baada ya hapo alifungua kibanda cha simu, simu za mkononi zikakiua. Akafungua chumba cha intaneti, nacho kikafuata. "Mimi na mitambo ni kama mtu na mkwe wake," anasema. "Kila nikimzoea, anabadilika tabia." Lakini kwenye kile chumba cha intaneti ndipo alipojifunza kutengeneza tovuti, akiwauliza wateja wake mwenyewe maswali mpaka wakamkimbia.

Saa tano inapita. Kwenye kompyuta yake tovuti zote zinafunguka, moja baada ya nyingine. Anajinyoosha kwa raha, anamwita binti yake mkubwa, mwenye duka la vitambaa, alete chai ya moto. Kabla chai haijafika, simu inalia. Ni seremala.

"Mama, tovuti yangu imekufa."

"Haijafa, baba. Mbona hapa naiona?"

"Unaiona wewe, mimi siioni. Mama, wateja wangu hawana haraka, lakini ndugu zao wanayo!"

Anakata simu bila kucheka. Anapitia kila mstari upya, na kila mstari uko sawa. Mwishowe anampigia Namba Nane, aliyekaa kiti cha pembeni yake miaka yote ile. Siku hizi ni mstaafu katika mji mwingine, mgonjwa wa magoti. Simu imewekwa mezani, sauti wazi.

"Shoga, nifungulie ya zahanati hapo kwako."

"Haifunguki."

"Ya chekechea?"

"Nayo vilevile. Umefanya nini, Namba Saba?"

"Nimeandikisha kwamba majina yote waniulize mimi."

"Haya. Na wewe wanakupata kwa namba gani?"

Mama Laini anashika kichwa. Kisha anaangua kicheko kikubwa hadi binti yake anachungulia mlangoni na chai mkononi.

Kosa lenyewe ni hili. Seva zake za majina alizipa majina yaliyo chini ya jina la biashara yake, na namba zake akaziandika ndani ya seva hizo hizo. Kwa kampuni iliyomsajilia jina, hakuziandikisha. Ili umpate, ilikupasa kwanza uwe umeshampata. Kompyuta yake haikuona tatizo kwa sababu ilikuwa ikiuliza seva moja kwa moja.

"Opareta haulizi namba ya opareta," anasema akijifuta macho. "Maisha yangu yote ya kazi sijawahi kujipigia."

Anajaza namba mahali panapostahili. Baada ya hapo ni kungoja habari zienee, na kungoja kunamshinda. Mara mbili mkono unakwenda kwenye kibodi abadilishe kitu. "Mama, mwenye pupa hadiriki kula tamu," anasema binti, na kuisogeza kibodi mbali naye.

Alasiri, Namba Nane anapiga.

"Zahanati imefunguka. Namwona daktari, kanenepa huyo! Na chekechea hii hapa."

Mama Laini ameziba mdomo kwa kanga. Ujumbe wa seremala unaingia, neno moja tu: "Imefufuka."

Jioni kampuni ile inazima mashine zake, na ukimwacha seremala, mteja hata mmoja hajui kama kuna kilichotokea.

Bado hajaridhika. Seva za majina lazima ziwe mbili, na zake zote mbili zinakaa ndani ya mashine moja. "Huo ni ujanja tu," anakiri. "Ikianguka moja, zimeanguka zote." Mpango wake ni kukodi mashine ndogo nyingine, katika mji mwingine, na kumpata mtu wa kuiangalia, ili yeye akiugua au akiondoka duniani kazi isisimame.

Anamweleza Namba Nane hayo yote kwenye simu, kwa kirefu, akianza na pole ya magoti. Namba Nane anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza:

"Zamu yangu inaanza saa ngapi?"