Hisae na Salamu Zake

Kuwabara alikuwa kinyozi wa mtaa wetu hapa Gifu, Japani, tangu ujanani, na kiganja chake kilikuwa chepesi kuliko ulimi wake, ingawa ulimi nao haukuwa na breki. Bintiye Nozomi alipowaletea wazazi wake ule mchezo wa runinga wa kuangusha pini, unaochezwa kwa kupunga rimoti kama unarusha mpira kweli, mzee aliumudu papo hapo. Alikaa zake chini, miguu chini ya meza yenye hita, akatikisa kiganja tu. Pini zote chali.

Mkewe Hisae aliuza figili za kuchachusha maisha yake yote, na hakuanza jambo na mtu bila kumwinamia. Alisimama na rimoti yake, akamwinamia mpinzani wake wa katuni. Mashine ikadhani amerusha, mpira ukaishia kwenye mtaro wa pembeni bila kugusa pini. Sisi majirani tulicheka hadi chai ikatupalia.

"Mama Nozomi, unamsalimia nani? Huyo katuni!" Kuwabara alimtania.

"Katuni asisalimiwe? Baki na utovu wako wa adabu."

"Haya, adabu zako hizo, sifuri!"

Alimtania hivyo baridi nzima, mpaka Hisae akaacha kuinama. Akajifunza kukaa na kutikisa kiganja kama mumewe, akaanza kushinda. Mimi nilichukia. Nilimwambia Kuwabara waziwazi kuwa amemharibu mwenzake, akanicheka.

Kabla theluji haijayeyuka, moyo wa Hisae ulisimama akiwa dukani.

Baada ya mazishi nilimpelekea mzee supu, nikamkuta amesimama mbele ya runinga. Alikuwa amemchagua achezee katuni ambaye Hisae alijitengenezea kwenye mchezo kwa sura yake mwenyewe, mwenye miwani na mvi. Kuwabara akainama, mgongo wote. Katuni akarusha. Mpira mtaroni. Akainama tena, polepole zaidi. Mtaroni.

"Mzee Kuwabara, ukiinama unaharibu. Si ulikuwa unajua?"

"Najua. Nataka ainame yeye. Hata mara moja nimwone."

"Hicho kitu kinajua kurusha tu, kaka yangu."

"Alikuwa anajua, dada. Mimi ndiye niliyemwachisha."

Niliweka supu mezani. Akainama tena mbele ya mkewe, mpira ukaenda mtaroni, na safari hii hakuinuka, akabaki vilevile ameinama.