Mwenye Ngome wa Kilburn

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Kilburn, London, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuwa na ngome. Ndivyo alivyoniambia siku ya kwanza, kabla hata sijavua koti. Nikaitazama ile fleti ya chumba kimoja, na zulia lililoliwa na nondo, nikasema moyoni, haya, leo nimepewa mwenye wazimu. Nikamvua soksi, nikamwosha miguu.

Hakuwa na wazimu. Ngome ipo Uskoti, juu ya kilima: kuta mbili, mnara uliobaki nusu, na ubavuni kanisa dogo walikozikwa watu wake tangu enzi za wafalme. Ila haikuwa yake tena. Babu wa mababu zake aliasi, mfalme akashinda, na ngome akapewa jirani aliyejua kuchagua upande. Kina jirani waliishi mle vizazi kadhaa, kisha wakajenga nyumba nzuri zaidi bondeni, wakabeba mbao za paa na mawe ya ngazi, magofu wakawaachia kondoo. Hati ilibaki kwao mpaka leo. Mzee aliyasimulia haya kama mtu aliyeibiwa baiskeli jana.

"Hata watoto waliozaliwa mle wanajua," alikuwa akisema. "Mtoto wa mwizi anajua godoro analolalia si lake."

Nilikuwa nikimlisha uji wa shayiri, na kijiko kikagonga meno yake. Maana mimi nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Unguja, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili. Baba alipewa na serikali baada ya Mapinduzi, wenyewe wamekwisha kukimbilia Maskati. Wazazi wangu walikuta sinia lao la shaba, nasi tukala wali humo miaka yote. Sikuchagua kuzaliwa pale, na ukinibana nitakuambia baba yangu naye alikuwa fukara aliyestahili paa. Lakini mzee alisema kweli. Tulikuwa tunajua.

Sikumwambia. Ningemwambia ili iweje? Nikaendelea kumkanda mabega na kuitikia, naye akanipenda. Alisema mimi peke yangu ndiye ninayemwelewa, Waingereza wote mabwege. Kila aliponisifu nilijiona mnafiki, na ndani ya basi la kurudi nyumbani nilikuwa nikijisonya mwenyewe hadi watu wanageuka.

Kisha mapafu yake yakaanza kuchoka. Sasa hakutaka tena ngome. Alitaka kitu kimoja tu: azikwe pale penye kanisa, pamoja na wa kwao. Hakuwa na mke wala mtoto. Lakini uwanja ule ulikuwa mali ya wale watu, lazima awaombe. Namba yao ilikuwamo kwenye kitabu cha simu, na kitabu hicho kikawa hakitoki mapajani mwake, chini ya blanketi.

"Watakubali?" akaniuliza asubuhi moja.

"Wapigie, Mzee. Huwezi kujua."

"Wewe ungekuwa mmoja wao, ungenifungulia?"

Hapo uwongo ukanishinda. Nilichoka kupendwa kwa sifa isiyo yangu. Nikakaa kitandani kwake, nikamweleza yote. Nikamweleza kwamba kwetu mgeni hubisha hodi, na mwenye nyumba akisikia hana budi kusema karibu. Na hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka. Nikamweleza habari ya mwanamke aliyevaa baibui, aliyekuja nikiwa msichana, akasimama chini akiyatazama madirisha yetu kama anayehesabu watoto wake. Mama alinishika mkono.

"Usimtazame," alininong'oneza. "Ukimtazama atapanda."

Akapanda hivyo hivyo. Akabisha hodi mara tatu, taratibu, kwa adabu, nje ya mlango ambao bila shaka aliujua kuliko sisi. Mama, mwanamke asiyewahi kumnyima maji hata muuza mkaa, alikaa kimya kafumba macho. Tukasikia ndara zikishuka ngazi.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Hakunifukuza, na ningeona afadhali angenifukuza. Alinipapasa mkono, akasema, "Ahsante. Sasa najua." Kisha akanipa kile kitabu cha simu nikirudishe rafuni.

Nilimsihi. Nilimwambia mama aliogopa tu, hakuwa na roho mbaya, alidhani tungetolewa siku ile ile. Nilimwambia watu hawafanani. Akatikisa kichwa. Hakuwa tayari kubisha hodi kwa mwizi asijibiwe, alisema, na katika mambo ya kutofungua milango mimi ndiye fundi. Alitabasamu aliposema hivyo, bila chuki yoyote, na mimi nikaenda jikoni nikalia juu ya vyombo.

Alizikwa kaskazini mwa London, katika safu ya watu asiowajua. Tulikuwa wachache: mimi, mwenzangu wa zamu, na jirani wa ghorofa ya chini. Kaburi lilikuwa limekwisha kujazwa alipofika mama mmoja wa Kizungu mwenye viatu vya shamba, amebanwa na mafua, ametoka Uskoti kwa treni. Alikuwa ameliona jina la ukoo katika tangazo la kifo gazetini. Ndiye aliyekuwa na hati ya ngome.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Tukaingia mkahawa ulio mkabala na makaburi, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Nyumbani, tangu mimi mdogo, tulikuwa tukisema siku moja mmoja wao atapiga simu," alisema. "Baba alikufa akingoja. Sisi tuliona haya kuwatafuta. Angesema neno moja tu, ningekuja kumchukua mwenyewe."

Akaniuliza, kwa kuwa nilikuwa naye kila siku, kama najua ni nini kilichomzuia.

"Ni mimi," nikasema.

Alidhani sijaelewa swali. Akaniuliza tena, polepole.