Moshi Katika Kipindi cha Jazi

Nilisikia saksofoni kabla sijaona chochote. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani ukaifunika Nchelenge yote, na mimi nilikuwa nimetoka bandarini kwa miguu, viatu mkononi, nikiuliza njia ya kituo cha redio kwa watu nisiowaona sura. "Fuata hiyo muziki," mwanamke mmoja alinijibu kutoka ndani ya weupe ule. Nikaifuata. Saksofoni ilipanda polepole, ikafika juu ikakaa, kisha ikashuka kama mtu anayeteremka mtumbwini bila kutaka kulowesha nguo. Bega langu lilipogonga ukuta wa matofali, ndipo nilipojua nimefika kazini.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ninyi mnaofanya kazi hii leo mnabeba nyimbo za dunia nzima ndani ya simu. Sisi tulikuwa na kabati moja la kanda, na nusu ya kanda hizo zilikuwa zimeliwa na unyevu. Mkuu wa Vipindi, mwanamume mwembamba aliyevaa tai hata Jumamosi, alinipokea akiwa ameshika pamba na kichupa cha spiriti.

"BaMwansa," alisema, akinipa lile "ba" la heshima la Kibemba ingawa nilikuwa mdogo kwake, "kazi ya kwanza hapa si kusema. Ni kuosha."

Akanifundisha kusafisha kichwa cha kinasa, kile kipande cha chuma ambacho utepe wa kanda hupita juu yake. Kikishika vumbi, saksofoni huimba kama ina mafua. Kisha akanionyesha meza ya kuchanganyia sauti na vitelezi vyake, yaani vile vitufe unavyosukuma juu kuongeza sauti na kuvuta chini kuifuta. Aliviongoza kwa ncha za vidole viwili tu, kwa upole, na mimi nikatamani mikono yangu ijue hivyo.

Nilipewa kipindi cha Jioni Laini kwa sababu ya Kiswahili changu. Baba alikuwa mvuvi wa Kisiwa cha Kilwa, humuhumu ziwani, mama alitoka ng'ambo, upande wa Kongo. Nyumbani tulisema Kibemba, sokoni Kiswahili, na kipindi hicho kilikusudiwa wafanyabiashara wa samaki waliovuka ziwa. Kilikuwa kipindi cha jazi laini: saksofoni, kinanda cha umeme, gitaa la besi linalotembea bila haraka. Hakuna aliyeimba. Mkuu alikuwa na imani yake juu ya jambo hilo.

"Jazi laini ni ala, si mdomo," aliniambia. "Mtu akianza kuimba, msikilizaji anafuata maneno. Akifuata maneno, hapumziki."

Nilimwamini kwa miezi kadhaa. Kisha jioni moja, kabla ya mvua kubwa, tulirusha kipindi nilichokirekodi mchana, nikapata nafasi ya kutembea ufukweni na kujisikiliza. Kila kibanda kilikuwa na redio. Taarifa ya bei za samaki ilipoisha, muziki wangu wa kufungulia ukaingia, na redio zikaanza kuzimika. Moja kibandani, moja kwa fundi nyavu, mbili pamoja kwa wauza chumvi. Betri zilikuwa adimu. Mtu hakuzimaliza kwa kitu kisichomgusa. Nilitembea na kipindi changu kikifa mbele yangu, redio kwa redio, hadi nikabaki na sauti ya mawimbi.

Kwenye chanja za mwisho, pale wanawake walipokausha samaki kwa moshi, redio moja ilikuwa bado inalia. Na juu ya saksofoni palikuwa na sauti nyingine. Mwanzoni nilidhani kanda ina kasoro. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamke, karibu kusema, iliyokuja nyuma kidogo ya mdundo na kuishia puani kwa mvumo mrefu. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimkanyaga mguu kabla sijamwona.

"Eh! Mutoto, huna macho?"

Huyo alikuwa Mama Feza, mfanyabiashara Mkongomani aliyejulikana pwani nzima kwa samaki wake wasiooza. Nilimwomba radhi, nikamwambia mimi ndiye mwenye kipindi, nikamuuliza kwa nini hajazima kama wenzake.

"Weye njo unapigaka hii muziki? Aksanti. Lakini ule mwenye kupuliza analia yeye peke yake. Njo minamusaidia."

"Na mbona unaimba kinywa kimefungwa?"

Alicheka, akakohoa, akanionyesha moto kwa kijiti. "Fungula kinywa mu hii moshi, utaona. Utakohola mupaka kesho. Siye bote ba hapa tunaimbaka hivi. Mama yangu pia."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelewa na sauti ile. Nilikuwa nimeelewa kwamba jazi yetu ilikuwa nyumba nzuri isiyokaliwa na mtu. Haikuhitaji mwimbaji wa kupaza sauti jukwaani. Ilihitaji mtu wa kukaa karibu, wa kuvuta pumzi palepale sikioni mwa msikilizaji. Na watu hao tulikuwa nao, kando ya maji, wamefundishwa na moshi.

Mkuu alinisikiliza huku akipangusa kinasa. "Mlete," alisema mwishowe, "uone mwenyewe."

Nikaona. Mama Feza alikuja na kitenge kipya, akaketi mbele ya maiki kana kwamba anapigwa picha, akafungua kinywa, akaimba kama yuko kanisani siku ya Pasaka. Mshale wa kipimo cha sauti ulilala kwenye rangi nyekundu usiinuke. Saksofoni haikusikika tena.

"Mama," nilimsihi, "imba kama siku ile ufukweni."

"Kule kulikuwa moshi. Hapa kuko hewa mingi. Kinywa inafunguka yenyewe."

Mkuu alichukua pamba yake, akarudi kuosha kinasa.

Mkurugenzi wetu, mzee mnene aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, aliniita wiki hiyohiyo. Naye alikuwa amesikia habari za redio zinazozimwa. Ziwa lilikuwa limeshafungwa. Kila mwaka mvua zikikolea kuna marufuku ya uvuvi, ili samaki wazae. Nyavu hukunjwa, chanja hukaa tupu, na watu wengi huwa nyumbani na redio zao. Kama hawakusikilizi wakati huo, hawatakusikiliza kamwe.

"Redio hii haiwezi kuuimbia ukuta, BaMwansa," alisema. "Ijumaa ya mwisho ya marufuku nitatembea mwenyewe, kutoka bandarini hadi soko la Kashikishi. Wakizima, saa hiyo nawapa watu wa mbegu, wanaotaka kutangaza mahindi yao. Wewe utarudi kusoma matangazo ya misiba."

Kusoma misiba ni kazi ya heshima. Nimeifanya, na sauti yangu imewafikia waliohitaji kujua. Lakini nilikuwa nimeshaonja kitu kingine. Nilirudi kwa Mkuu nikamwambia kwamba kama Mama Feza anahitaji moshi, tumpe moshi.

"Moshi kwenye mitambo?" Alishika kinasa kwa mikono miwili, kama mtu anayemkinga mwanawe.

"Mitambo ibaki ndani, mukwai. Maiki itoke nje, dirisha la nyuma," nilimjibu kwa heshima.

Alikwenda dirishani akachungulia uani. Nilijua anaipenda jazi kuliko mimi, na kwamba kipindi kikifa atakuwa amefiwa. "Waya hautafika," alisema. Kisha, akiupima kwa mikono: "Labda tukiuunga."

Ijumaa hiyo niliweka mbaula, jiko letu la mkaa, uani, nikawasha mkaa, nikafunika kwa kuni mbichi na majani yaliyolowa. Mama Feza aliketi kwenye kigoda, safari hii na kitenge chake cha kazi. Tulirusha moja kwa moja, kwa maana hakuna kanda ambayo ingeweza kubeba tulichotaka. Ndani, Mkuu alikuwa na vipokea sauti masikioni na vidole kwenye vitelezi. Mkurugenzi alikuwa tayari ufukweni.

Wimbo wa kwanza Mama Feza aliusikiliza tu, macho yakimtoka machozi kwa moshi. Wa pili, saksofoni ilipopanda na kukaa juu peke yake, Mama Feza aliinamia moshi na kuingia chini yake. Sauti ilitoka nyembamba kama mkanda, nzito kama mchanga uliolowa. Hakuifukuza saksofoni. Aliiacha itangulie, kisha akaweka neno lake pale ilipokuwa imekanyaga. Dirishani niliuona uso wa Mkuu ukilegea.

Hapo ndipo ua ulipovamiwa.

Kijiji kilikuwa kimemchagua BaShi Chanda, baba wa mabinti saba na mwenye sauti ya kuita watu kutoka visiwani, awe mlinzi wa marufuku. Alikuwa ameuona moshi wa chanja ukipanda juu ya redio, katika majira ambayo hakuna mtu mwenye haki ya kukausha hata dagaa mmoja. Mtu mwingine yeyote, mahali pengine popote, angedhani tunapika. Yeye alikuja mbio na fimbo.

"Samaki iko wapi?" alinguruma.

Maiki ilikuwa wazi. Nilimpungia mikono, nikaweka kidole mdomoni. Akadhani ninamsihi asinishitaki.

"Hapana kunifanyia vidole! Hata redio? Hata ninyi? Samaki iko wapi, mama?"

Niligeuka dirishani. Vidole vya Mkuu vilikuwa juu ya kitelezi cha maiki. Angekivuta chini, saksofoni ingeendelea yenyewe, na kituo kisingeaibika. Mama Feza hakugeuza hata shingo. Alisubiri saksofoni imalize kauli yake, akamjibu mlinzi ndani ya wimbo, palepale kwenye mdundo, kinywa nusu kimefungwa:

"Samaki iko mu mai, tata… analala na batoto yake… usipige makelele…"

Nikamwona Mkuu akisukuma kitelezi juu.

BaShi Chanda alifunua majani kwa fimbo yake. Akaona mkaa, kuni, na hakuna kingine. Akaona maiki. Akaona waya unaoingia dirishani. Akakaa chini, udongoni, fimbo mapajani.

"Sasa munabanika nini?" aliuliza kwa mnong'ono ambao nusu ya wilaya iliusikia.

"Sauti," nikamwambia.

Alibaki hapo hadi kipindi kikaisha, na kila mara moshi ulipopungua ni yeye aliyeongeza majani.

Mkurugenzi alirudi viatu vimejaa matope. Alisimama uani, akamtazama mlinzi, mbaula, mama, nami, na tumbo lake likaanza kutikisika kabla kicheko hakijatoka.

"Bandarini walizima wawili, mwanzoni," alisema. "Mama huyu alipoingia, mmoja akawasha tena. Kwa wauza chumvi wamekusanyika kwenye redio moja ili wengine walaze betri. Na huyu," akamwonyesha BaShi Chanda, "alipouliza samaki, soko zima la Kashikishi lilijibu kwa sauti moja kwamba hakuna! Kisha mama akaimba, na wakanyamaza. Watu mia wamenyamaza sokoni. Mimi nimefundisha miaka mingi, sijawahi kupata kimya kama kile."

"Basi watu wa mbegu?" Mkuu aliuliza.

"Wapande kwingine."

Mama Feza alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Munamaliza kucheka? Minaomba mai. Na Ijumaa ingine, mulete kuni ya muzuri. Hii inanuka."

Tulileta kuni nzuri. Ziwa lilipofunguliwa tulipeleka kinasa kwenye chanja zenyewe, na tuliendelea hivyo mwaka mzima. Mkuu, aliyekuwa haamini mdomo, ndiye aliyekuja kuwa msakaji mkali wa midomo. Alileta wanawake wa sauti ya chini kutoka kwaya, akawafundisha kuacha mtetemo wa kanisani na kuimba kana kwamba mtoto amelala chumbani. Alimleta kijana wa rumba kutoka Chienge aliyeweza kukaa juu ya irabu moja hadi besi izunguke mara mbili. Tulijaribu pia kalindula, muziki wetu wa Luapula. Banjo yake ya kutengeneza kwa mikono ilikaa vizuri chini ya saksofoni, kama mvua ndogo. Kelele yake ya kuchezesha watu tuliiacha barazani, ilikostahili. BaShi Chanda aliomba kuimba. Tulimsikiliza kwa heshima, kisha tukampa kazi ya kutangaza marufuku kila mwaka. Hakuna aliyewahi kusema hakuisikia.

Baadaye nilihamishiwa Mansa, kwa Meneja aliyependa ratiba kuliko muziki, nikafundisha watangazaji wapya. Walikuja na majina ya waimbaji wa mbali, wakaniuliza nani ataiokoa jazi laini isiwe muziki wa kusubiria daktari. Nilikuwa nawatoa nje ya jengo. Nikawaambia wasikilize kila kazi ya mji ule inafanya nini kooni mwa mtu: anayechunga, anayetwanga, anayeita abiria, anayembembeleza mgonjwa. Mwenye sauti kubwa atakusanya umati. Lakini redio haina umati. Ina mtu mmoja na sikio lake, na huyo anataka aliye karibu. Wengine walinielewa. Waliobaki walipata vyeo.

Nilirudi Nchelenge kumalizia miaka yangu. Siku ya mwisho nilikuwa nimebeba mfuko wangu, nimeshawaaga wote, nimebaki na Bwalya, binti anayeendesha Jioni Laini sasa. Alikuwa amemleta mpagazi wa bandarini, kijana mwenye mabega kama milango ya ghala na sauti nyembamba, ya juu kabisa, inayokatika katikati ya neno kama mtu aliyepungukiwa pumzi kwa mzigo. Mimi nisingemchagua. Saksofoni ikaanza, kijana akavuta pumzi, na nikahisi vinyweleo vya mikono yangu vikisimama.

"Mayo," Bwalya alinong'ona bila kugeuka, akiniita mama kwa Kibemba, kwa wingi wa heshima, mkono juu ya kitelezi, "tunaingia hewani. Mnabaki au mnatoka?"

"Ninatoka," nikasema.

Nikatoka, na mlango ukafungwa nyuma yangu.