Kaktusi ya Sabuni

Kwa miezi minne, mtu mzima mwenye kofia kichwani na tasbihi mfukoni alimwagilia kipande cha sabuni mara tano kwa siku, kana kwamba ni mmea.

Sabuni niliichonga mimi. Nalisema hili kwa unyenyekevu.

Ilikuwa mtaa wa Bwiza, katika mji wa kando ya ziwa, mwaka 1997. Vita vilikuwa vimefunga shule yetu ya bweni, internat kama walivyoiita mtaani, nami Yaseen, mwenye miaka kumi na sita na elimu ya kutosha kudharau ukoo mzima, nikarudishwa kwa baba mdogo Hamimu, muuza duka.

Jirani yetu Daphrose alikuwa anakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na watoto. Mumewe, Térence, alitoka asubuhi moja kwenda kazini, hakurudi. Alichoacha ni kaktusi ndogo ya jangwani ndani ya chungu, ya mviringo kama ngumi ya mtoto, yenye miiba myeupe.

"Baba Hamimu, munitunzie," Daphrose akasema. "Mi sina kingine cha Térence. Nitarudi kuichukua."

"Kwangu haitakufa, mama."

Haitakufa, ati. Kila alipomaliza kutawadha, baba mdogo aliimiminia maji yaliyobaki kwenye birika. Maji ya udhu yana baraka, alisema.

"Baba mudogo, huo ni mmea wa jangwani. Utauozesha."

"We mutoto wa internat, jangwani watu hawaswali?"

Ndiyo hoja. Niliitafakari kwa heshima yote inayostahili, yaani hakuna.

Wiki ya tatu, kitako cha kaktusi kilikuwa laini kama ndizi iliyosahauliwa.

Basi nikaiiba.

Nilikata sehemu iliyooza kwa wembe, nikaiacha kaktusi kivulini wiki nzima mpaka kidonda kikakauka. Nikatoboa kopo la maziwa chini, nikajaza mchanga wa ziwani na tofali lililopondwa, udongo kidogo tu, nikaipanda humo. Jua la asubuhi, dirishani kwangu. Maji, pale tu kidole kilipozama mchangani na kutoka kikavu. Bruda, mtawa aliyetufundisha biolojia shuleni, alisema hivyo, na hata mbuzi angeelewa.

Kwenye chungu chake cha awali nikapanda sabuni ya kijani ya dukani kwa baba mdogo mwenyewe, nikachomeka nywele za brashi ya viatu ziwe miiba. Kila ilipoyeyuka, nilichonga nyingine.

Siku ya kwanza ilitoa povu. Nikang'ata shati nisicheke.

"Unaona?" baba mdogo akasema taratibu. "Inashukuru."

Na huyo ndiye aliyeaminiwa na Bwiza nzima kuwapimia sukari kwenye mizani.

Nikangoja siku ya kumfedhehesha. Ikafika na mvua za kwanza: Daphrose alirudi kwa siku mbili, amekonda, na alichouliza kwanza ni kaktusi.

Nilisimama kando ya chungu. Hotuba yangu ilikuwa na sehemu tatu na hitimisho.

Baba mdogo hakukitazama hata hicho chungu.

"Yaseen, leta ile ya dirishani."



Nikaileta. Wiki hiyo ilikuwa imevaa taji la maua ya rangi ya waridi. Daphrose alilishika kopo kwa mikono miwili.

"Térence alisema itatoa maua," akasema. "Mi nilikuwa namucheka."

Akajifunika uso kwa kitenge. Sisi tukatazama ukuta.

Alipoondoka, nikauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Mi nauza sabuni miaka ishirini. Siku ya kwanza tu, harufu iliniambia."

"Sasa mbona uliendelea kuimwagilia?"

"Niliona mi naiua. Ningekuomba uitunze, ungeisahau kesho yake. Lakini kwa kunizarau mi, we ungeamka hata na homa."

Akachukua birika.

"Tena angalia mikono yangu. Iko safi sana; nilikuwa nainawia kaktusi yako."

Ndugu msomaji, kaktusi hutaka maji machache na mchanga mwingi, hilo umelipata bure. La pili nililipia mwenyewe: ukimcheka mtu mzima miezi minne naye asikasirike, jichunguze. Huenda amekuajiri.